Chupa Iliyorudi Imejaa

Mdogo wangu alikuwa na chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda kabla ya kuwa yake. Kila asubuhi mama aliijaza maji yaliyochemshwa, na kila jioni chupa ilirudi imejaa. Mama aliyamimina yale maji kwenye mtungi, akafunika, akasema kwa fahari, "Huyu ndio atakuja kuweka nyumba. Haharibu kitu."

Mashimoni, mtaa wetu kule Kibera, maji hununuliwa. Mtoto anayerudisha maji nyumbani ni mtoto wa kusifiwa, na mama alimsifu kwenye foleni ya kioski cha maji mbele ya kila jirani mwenye masikio. Mimi, dada mkubwa, niliambiwa nijifunze kwake. Wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu, nikirudi nyumbani wikendi nakunywa maji kama ng'ombe, na mama hakuchoka kunikumbusha. Hakuna aliyemwuliza mtoto kwa nini hanywi.

Sababu ilikuwa choo. Shule yake, ile ya mabati nyuma ya kanisa, ilikuwa na choo cha shimo kilichojaa kikabomolewa. Wafadhili wakajenga vyoo vipya: milango ya bluu, tangi juu, na sinki za kunawia mikono zilizowekwa chini kwa kimo cha watoto. Vilipokamilika, mwalimu mkuu akavitia kufuli. Wageni wangekuja kuvizindua, na wageni hawawezi kukuta choo kimeshatumika. Wageni wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Watoto wakaambiwa watumie choo cha kulipia kule chini barabarani, au wajikaze. Wavulana walikuwa na kona zao. Wasichana walijikaza.

Mdogo wangu alikuwa gredi ya sita, ameanza kuona aibu ya kila kitu. Akajitafutia njia yake mwenyewe: akiacha kunywa, hatahitaji kwenda. Haya yote tuliyajua baadaye, kutoka kwa msichana waliyeketi naye dawati moja.

Siwezi kusema yule mwalimu mkuu alikuwa mtu mbaya, ingawa kuna siku natamani angekuwa. Kwetu pia kulikuwa na kabati lenye glasi za maua ya dhahabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzinywea. Sisi tulikuwa na vikombe vya plastiki. Kitu kizuri ni cha mgeni. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo alivyolelewa yeye. Lakini glasi ni glasi tu. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila glasi.

Mdogo wangu alianza kulalamika mgongo. Mama akadhani ni begi la vitabu. Kisha homa ikamshika, akawa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Kliniki ya mtaani ikampa dawa ya malaria. Tulipomfikisha hospitali kubwa, daktari akatueleza kwamba ugonjwa ulianzia kwenye mkojo, ukapanda hadi kwenye figo, na sasa ulikuwa umeingia kwenye damu. Akauliza kwa upole kama mtoto alikuwa anakunywa maji ya kutosha. Nilimwona mama akiitazama mikono yake. Asubuhi iliyofuata mdogo wangu hakuwepo tena.

Matanga tuliyafanyia shuleni, kwa sababu chumba chetu kisingetosha watu. Walikuja wa kanisa, walikuja jamaa kutoka kwetu Magharibi mwa Kenya, walikuja wanawake waliouza mboga na mama, kupanga namna ya kuusafirisha mwili nyumbani. Basi mwalimu mkuu, kwa heshima ya msiba, akatoa ufunguo mfukoni akafungua vile vyoo. Wageni walikuwa wamefika. Nilisimama uani nikitazama watu wazima wakiingia na kutoka, wakiinama kunawa kwenye sinki zilizowafika mapajani, wakivisifu. Rangi ilikuwa bado inanuka.

Mama aliingia, akachelewa kutoka. Nilimfuata nikamkuta ameinamia sinki, bomba limefunguliwa hadi mwisho.

"Kumbe maji yapo," akasema. "Kumbe yalikuwa hapa."

Aliyaacha yamwagike, yeye aliyekuwa akigomba kwa tone moja. Nilifunga bomba mimi.

Tangu siku hiyo mdogo wangu humjia mama ndotoni. Humnyooshea chupa, nayo imejaa. Mama hunisimulia asubuhi akipuliza chai, kwa sauti ile ile anayonielezea bei ya nyanya. Tulihama Kibera, sasa tunakaa Riruta Satellite na mimi nafundisha Kawangware, lakini ndoto ilihama pamoja nasi. Nami nina langu linaloniandama. Siwezi kuingia darasani bila kuangalia midomo ya wasichana. Midomo iliyokauka naijua. Chupa iliyojaa wakati wa kwenda nyumbani naijua pia.

Muhula uliopita shule yetu ilipata vyoo vipya. Milango safari hii ni ya kijani. Siku rangi ilipokauka, mwalimu mkuu wetu, bwana mpole anayependa utani, alivitia kufuli.

"Madam, ngoja tu kidogo," akaniambia. "Hizi ni za kufunguliwa na wageni. Unataka wazipate zimechafuka?"

Nilimweleza habari za mdogo wangu, zote. Alisikitika kwa kweli, hata machozi yakamlenga. Kisha akasema wageni hawatakawia. Niliondoka kabla sijamtukana.

Nyumbani nilimwambia mama. Akaendelea kuchambua mboga zake. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo za kanisa, kitambaa kichwani, mkoba mkononi, na haikuwa Jumapili.

Alifika shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu mkuu alitukaribisha ofisini, akamfutia mama kiti, akaagiza chai.

"Mwalimu, mimi ni mgeni wako?" mama akauliza.

"Sana, mama. Karibu kabisa."

"Basi nataka kwenda choo. Na sio hiyo ya zamani. Nifungulie ile ya wageni."

Utamnyimaje mama wa umri wa mama yako, aliyevaa akavalia, aliyekuja kukutembelea? Mwalimu mkuu alinitazama mimi, akatazama chai, akainuka na ufunguo. Alipofungua, mama hakuingia. Alilichukua kufuli mkononi mwake taratibu, akalitia mkobani, akafunga zipu. Kisha akawageukia wasichana waliokuwa wakichungulia.

"Haya, kujeni. Mkitoka mnawe mikono. Halafu kila mtu akunywe maji yake, nikiona."

Alisimama pale hadi kengele ikalia, akizipokea chupa moja moja na kuziinua juu aone kama zimepungua. Mwalimu mkuu hakuulizia kufuli lake. Wageni walikuja baadaye, wakakata utepe mbele ya milango iliyokuwa imeshatumika, na sikusikia aliyelalamika.

Kufuli liko kwenye kabati letu. Glasi za maua hazipo humo tena, kwa kuwa siku hizi tunazinywea kila siku, na mbili zimeshavunjika. Nilidhani sasa mama atapumzika. Juzi, tukiwa mezani, nilimwuliza kama mdogo wangu bado huja.

"Anakuja."

"Na chupa?"

"Imejaa." Alipuliza chai yake, hakunywa. "Nimemwambia choo imefunguliwa. Nimemwambia akunywe. Lakini ananiangalia tu na hiyo chupa yake. Anangoja nimsifu."