Wekundu wa Ndani ya Kope

Katika biashara ya kuku pale Utemini, hakuna aliyemzidi Mselemu jicho. Tangu masharti ya biashara yalegezwe na kila mtu aruhusiwe kujinunulia na kujiuzia, yeye alisomba matenga ya kuku kutoka Sepuka hadi Dar es Salaam, na ilikuwa nadra kuku wake kufia njiani. Siri yake ilikuwa ndogo: alitazama upanga, ile nyama ya kichwani, kisha akamfunua kuku kope. Pakiwa pekundu, kuku huyo anasafiri.

Ubaya ni kwamba kipimo hichohicho alijipimia na mwenyewe. Kila asubuhi, sigara mdomoni, alijifunua kope mbele ya kioo.

Kisunzi kilipomwanza na kumzidi, mkewe Zabibu alimburuta hadi zahanati mpya ya mtu binafsi. Tabibu Emilian alimpima presha.

"Mzee Mselemu, ndani ya mishipa yako kuna utando mwembamba, kama ule wa ndani ya ganda la yai. Ni chembe hai zile. Damu ikipita kwa kasi, ndizo zinazouambia mshipa ulegee. Ikibidi, zinauambia ubane. Sigara na presha vinazinyamazisha. Mshipa unabaki kubana tu."

"Mbona sisikii maumivu?"

"Hauumi. Hicho ndicho ninachokiogopa. Meza dawa kila siku, na sigara uache. Siku mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usingoje hata kidogo: ni kiharusi, wahi hospitali."

Alimeza wiki mbili, kisunzi kikaisha, akavitupia vidonge juu ya kabati. Kitu kisichouma akitibu ya nini? Zabibu alisema mpaka akachoka. Mkaidi yule, hata kumsimulia kunatia uchungu.

Siku ya mnada wa Sepuka aliwasha sigara ya tatu, akapokea jogoo kwa Alute, mkulima aliyemuuzia kuku miaka yote. Mkono wa kulia ukamwachia jogoo. Akataka kuita, ulimi ukagoma. Akaanguka kiubavu kati ya matenga. Maneno ya Emilian yakamrudia yote, moja baada ya jingine. Gari la kwenda mjini lilikuwa likinguruma hatua chache kutoka pale.

Alute aliinama. Taratibu, kama Mselemu mwenyewe alivyomfundisha, akamfunua kope.

"Pekundu," aliwaambia watu. "Damu anayo. Ni jua tu, mwacheni apumzike."

Wakamsogeza kivulini. Mselemu aliwasikia wote, akalisikia na gari likiondoka.