Ukurasa wa Walter

Ukifika sokoni Ndhiwa, uliza duka la Emmah Bonareri, utaonyeshwa bila shida. Ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kisiagi cha babake na duka la mbegu. Ndani mna kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala na kalenda ya kanisa la Wasabato. Watu huleta barua za kuomba kazi, fomu za basari, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu, maana siku hizi kwetu ni nadra mtu kuzikwa bila kijitabu chenye picha yake. Kazi hiyo Emmah anaiweza. Hakosei majina, wala miaka, wala mpangilio wa watoto.

Shahada yake ya chuo kikuu imo ndani ya droo, chini ya karatasi tupu. Usidhani anaificha kwa sababu haikumpa ofisi. Vijana wenye shahada wanaoendesha bodaboda hapa ni wengi, na hakuna anayewacheka. Anaificha kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo nataka nikusimulie polepole, kama nilivyoielewa.

Emmah ni Mkisii aliyezaliwa Ndhiwa. Babake, Mzee Mayaka, alikuja kijana kuuza ndizi, akabaki, akafungua kisiagi, akawasagia Wajaluo mahindi yao mpaka akazeeka. Emmah alikijua Kijaluo kabla ya lugha ya babake. Akienda likizo kwa shangazi zake huko Kisii, binamu zake walimpokea kwa kelele: "Mjaluo amefika, tafuteni samaki." Akirudi Ndhiwa, wachuuzi walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii. Yeye aliitikia kote kuwili.

Aliyempa Kijaluo chenyewe, pamoja na utani wake, ni jirani yao, mjane Plista Ajwang'. Watoto wote wa mtaa walimwita Dani, yaani nyanya. Mamake Emmah akishinda sokoni, Emmah alishinda kwa Dani, akila viazi vya Dani na kukemewa na Dani. Mjane huyo alikuwa na mwana mmoja, Walter. Watu wa soko walimbandika jina baya: Walter wa Magunia.

Jina hilo lilitoka mwaka ule wa vurugu za uchaguzi. Emmah alikuwa na miaka minane. Wakisii wa Ndhiwa waliondoka na nguo walizovaa, na familia ya Mayaka ikakimbilia Kisii. Mchana, mbele ya watu, Walter alionekana akisukuma mkokoteni wenye magunia kutoka kwenye kisiagi cha Mayaka. Akakamatwa, akakaa rumande miezi minne. Kesi ikafa kwa kukosa mlalamishi, akatoka na kikohozi, na baada ya miaka miwili akazikwa. Alimwacha binti mdogo, Lavender, mikononi mwa Dani. Hayo ndiyo aliyoyajua kila mtu, na Emmah naye hakujua zaidi. Watoto hawaelezwi kitu.

Familia ya Mayaka ilirudi Ndhiwa, miaka ikapita, Emmah akaingia chuo kikuu. Alichagua masomo ya makabila, rangi za watu na tamaduni, kwa kuwa aliona maisha yake yote yamekuwa darasa la mambo hayo. Siku ya kwanza mhadhiri wao, Daktari Mirumbe, Mkuria wa Kegonga, alitaka kila mmoja aseme anakotoka.

"Mimi ni Mkisii wa Ndhiwa," Emmah akasema.

Darasa likacheka. "Ndhiwa kuna Wakisii?" akauliza kijana mmoja nyuma. "Si nyinyi mnashusha ndizi tu asubuhi, jioni mko kwenu?"

"Kwetu ndiko huko," Emmah akajibu, na Daktari Mirumbe akaandika kitu kwenye daftari lake.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alijifunza maneno ya kitaalamu ya mambo aliyokuwa ameyaishi akipeleka chumvi kwa jirani. Mwaka wa nne ulipofika, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika utafiti wake. Emmah akasema atakwenda nyumbani kuwauliza wazee jinsi majirani wa makabila tofauti walivyookoana mwaka ule. Wa kwanza kumwendea alikuwa Dani.

Alimkuta uani, akamsomea fomu ya ridhaa kwa Kijaluo. Dani akaipiga kidole gumba, akaangalia wino kidoleni.

"Siku hizi unanijia na karatasi," akasema. "Zamani ulikuwa unakuja na makamasi."

Emmah akacheka, akawasha simu irekodi, akaiweka juu ya kigoda. Dani akaanza kusimulia, na alipokwisha, Emmah hakuwa akicheka tena.

"Andika hivi," Dani alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma Walter. Nilimwambia, chukua mkokoteni, leta mali ya Mayaka hapa kabla hawajaitia moto. Akaleta, mchana, kwa sababu hakuwa akiiba. Watu wakampigia babako simu huko Kisii, Walter amebeba magunia yako. Babako akaja na polisi, akamtaja. Baadaye akapita hapa, akakuta magunia yote ndani ya nyumba yangu. Akalia. Akaniletea sukari. Nikamwambia, Mayaka, sukari iache, nenda ukamtoe mtoto. Akasema Jumatatu."

Akafuta wino kidoleni kwa leso.

"Akasema Jumatatu, Emmah. Jumatatu zikapita. Mwishowe hata kortini hakufika, ndiyo maana wakamwachilia. Kuachiliwa kwa sababu mtu hakufika, na kuambiwa hukuiba, si kitu kimoja."

"Dani, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa mtoto. Na babako simchukii, tunasalimiana. Lakini kule kituoni iko karatasi inayosema mwanangu ni mwizi. Nataka karatasi nyingine, inayosema si mwizi. Ya chuo kikuu ni kubwa kuliko ya kituo. Au siyo?"

"Ni kubwa," Emmah akasema.

Alirudi chuoni. Aliisikiliza sauti ile usiku na mchana, akaandika kila neno, kisha akaifikia sehemu ya babake, akaweka kalamu chini. Nami nakwambia ukweli, sijui mimi ningefanya nini. Mzee Mayaka ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili karo ipatikane. Ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia, akamwombea kwa sauti. Emmah akajiambia kwamba utafiti wenyewe ni wa majirani walivyookoana, si wa nani alimtaja nani. Akaandika kwamba Mama P., mjane Mjaluo, aliihifadhi mali ya jirani yake Mkisii, na mwenye mali akairudia yote. Hakuna neno la uongo hapo. Ukilipima kila moja, linasimama. Walter tu ndiye hayumo.

Daktari Mirumbe aliusoma, akamwita ofisini.

"Ukurasa huu ni mzuri," akasema. "Lakini huyu mama hakuwa na lawama hata moja? Mimi nimezaliwa mpakani, nimekaa na Wamaasai upande huu na Wajaluo upande ule. Sijapata kumwona jirani asiye na lawama."

"Hakuwa nayo, Daktari."

Mirumbe akachukua kalamu. "Sawa," akasema, akaweka sahihi.

Emmah alipata alama ya juu. Wiki ya mahafali akaifuta ile sauti katika simu. Alijiambia simu imejaa.

Chuoni walifundishwa kwamba waliokupa maneno yao hurudishiwa kitabu. Kwa hiyo akatoa nakala moja, akaifunga kwa jalada jeusi, akampelekea Dani. Angeweza kuiweka mezani na kuondoka. Dani hakukubali.

"Nisomee pa Walter."

Lavender, wakati huo msichana wa darasa la nane, alikuwa kando akimenya maharagwe. Emmah akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Macho yakiwa juu ya Kiingereza chake, akasema kwa Kijaluo yote aliyoambiwa siku ile: mkokoteni, mchana, magunia yalivyopatikana, Walter si mwizi. Jina la babake pia akalitaja, kwa kuwa Dani angelisubiri. Alifika mwisho, akafunga.

"Rudia," Dani akasema.

Akarudia. Na ajabu ni kwamba hakukosea neno. Dani akakichukua kitabu, akakifunga ndani ya leso, akakiweka ndani ya sanduku la nguo. Tangu siku hiyo, wageni wakija, aliwaambia kwamba mwanawe ameandikwa chuo kikuu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Dani akafariki. Jumatano ya wiki ya mazishi, Lavender, sasa akiwa kidato cha pili, akaingia katika duka la Emmah na picha ya nyanyake, karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na lile jalada jeusi.

"Dada Emmah, pole na kazi. Tunataka vijitabu mia mbili. Na nisaidie kutafuta ukurasa wa baba, tuunakili humo. Kitabu nimekisoma chote mara mbili. Labda Kiingereza chake ni kigumu, simwoni."

Emmah aliushika ukurasa wa thelathini na moja kama mtu anayeshika sufuria bila kitambaa.

"Hayumo," akasema.

"Lakini ulimsomea Dani. Mimi nilikuwa hapo."

"Nilimsomea kisichoandikwa."

Upande wa pili wa ukuta kisiagi kilikuwa kinanguruma.

"Maneno yalikuwa yake," Emmah akasema. "Alinipa yote. Nilipoandika nikayaacha, kwa sababu yanamgusa Tata." Tata ndivyo amwitavyo babake.

"Basi nipe sauti yake. Dani alisema ulimrekodi."

"Niliifuta, Lavender."

Msichana hakulia, wala hakupaza sauti. Aliangalia kalenda ya kanisa ukutani kana kwamba anahesabu siku.

"Shuleni wananiita Lavender Magunia," akasema. "Nilikuwa nawaambia, subirini, iko siku nitawaletea kitabu." Akavuta kiti. "Andika sasa. Wewe ndiwe uliyesikia."

Emmah akaandika. Aliandika kwamba Plista Ajwang' alimtuma mwanawe Walter kuokoa mali ya jirani, kwamba Walter aliibeba mchana, kwamba mali yote ilipatikana, na kwamba Walter aliwekwa rumande kwa kosa asilolifanya. Akaacha hapo, akamgeuzia skrini.

Lavender akasoma. "Jirani gani? Na nani alimtaja?"

"Lavender, ni mzee sasa. Ana sukari na miguu inamvimba."

"Dani pia alikuwa mzee."

Emmah akaweka mikono juu ya vitufe, akaandika: Mzee Mayaka. Akaandika pia kwamba aliahidi kwenda kumtoa na hakwenda. Mashine ikaanza kutoa nakala, na sauti yake ikachanganyika na ya kisiagi. Zilipokwisha, Lavender akazifunga kwa kamba, akalipa, akakataa kurudishiwa hata shilingi. Lile jalada jeusi akaliacha juu ya kaunta.

"Lavender, umesahau kitabu," Emmah akasema.

"Hicho ni chako," akasema, akatoka.

Jioni hiyo Emmah alimpigia simu Daktari Mirumbe, akamweleza yote. Alitaka kujua kama nakala iliyo maktabani inaweza kutolewa au kuongezewa ukurasa. Daktari alisema ataandika barua ibandikwe ndani, zaidi ya hapo hana uwezo.

"Nilikuuliza, Emmah," akasema.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Emmah alijua babake hatakuja, maana Sabato humpa mtu sababu nzuri. Lakini wimbo wa tatu haujaisha, akamwona akiingia na suti yake ya kanisani, Biblia kwapani, akitembea kwa fimbo. Wakampa kiti chini ya turubai, mtu akampa kijitabu. Akavaa miwani. Emmah, aliyesimama nyuma na akina mama wa jikoni, aliuona mgongo wake ukiinama alipofika mahali palipotajwa jina lake.

Majirani walipoitwa kusema, mwenye kipaza sauti akamwendea Mayaka moja kwa moja, kwa kuwa ndiye jirani wa miaka mingi. Mzee akakishika, akasimama. Watu waliokwisha kusoma wakawanyamazisha wasiosoma. Alifungua kinywa mara mbili. Kisha akakirudisha kile chombo, akaketi, na mchungaji akaanzisha sala.

Waliondoka pamoja, maana miguu yake haikumruhusu kwenda peke yake. Njia ya kutoka kwa Dani hadi sokoni si ndefu, lakini siku hiyo walipumzika mara tatu. Mara ya tatu, wakiwa wamekaa juu ya jiwe nje ya ghala la nafaka, akasema:

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia lini, Tata? Wiki hii, au nikiwa chuoni?"

"Ukiwa chuoni."

"Ungesemaje?"

Mayaka alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Ningekuambia usiandike."

Emmah akainama, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

"Nami ningekutii," akasema, akampa mkono asimame.