Programu ya Majina

Pale karibu na soko la Kasongo, Séraphine ana chumba kimoja chenye kompyuta, printa na shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Watu huja kuandikisha barua, kutoa fotokopi, au kupigwa picha ndogo za makaratasi. Mlangoni pameandikwa Secrétariat Public, lakini hakuna aliyewahi kupoteza pumzi kusema hivyo. Walisema tu, twende kwa Mama Sarah-Grâce. Mtoto huyo wake alipokufa kwa homa, mvua zilizopita, wakaacha. Siku hizi wengine wanamwita madame, na wengine wanakohoa tu mlangoni.

Séraphine hakulia sana, na watu walilisema hilo, maana hata machozi ya mwenzako yana wakaguzi wake. Matanga yalipokwisha, mumewe Léon akarudi machimboni Lusangi. Yeye akafungua chumba, akafuta vumbi kwenye printa, akaendelea. Alikula akipewa. Alicheka wenzake wakicheka, akichelewa kidogo. Ndani mwake palikuwa pamekufa ganzi, na kwa kweli hakupaona pabaya pa kukaa.

Kilichomsumbua ni kompyuta. Flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi, ikawa inajizima katikati ya barua ya mtu. Bienvenu, fundi wa simu na redio wa mlango wa pili, akaichukua, akaifuta yote, akaiwekea mfumo mpya, kisha akarudishia picha za wateja kama zilivyokuwa. Alipoileta alijikalia kwenye kiti cha mwenyewe bila kukaribishwa, kama kawaida yake, akaanza kueleza kwa bidii ya mtu anayemtafutia ndugu yake mchumba.

“Mama, humu programu ya kufungulia mafaili si moja. Unachagua yenye unapenda. Hii ya kwanza inaonyesha sura za photo zote, unaangalia tu, unajua huyu ni nani. Hii ya pili iko na majina tu, mistari huku na mistari kule. Unatoa kitu huku, unatupa kule, mbio. Na haikuli courant mingi ya batri.”

Akaifungua ya kwanza ili mama aone. Skrini ikajaa vichwa vya watu wa Kasongo: wakulima, walimu, wauza samaki wa Nyangwe, wote wamekaza shingo mbele ya shuka moja. Na katikati yao, safu kwa safu, Sarah-Grâce. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, Séraphine alimkalisha mwanawe kwenye kigoda ili apime mwanga. Mtoto aliijua kazi yake: alipanda, akatoa ulimi, akashuka. Picha hizo hazikupewa jina, zilibaki na namba za kamera.

“Weka ya majina,” Séraphine alisema.

“Lakini mama, kwa kazi ya photo, ile ya kwanza…”

“Ya majina, Bienvenu. Batri yangu imezeeka.”

Bienvenu anapenda maneno, lakini si mjinga. Akaweka ya majina, ile nyingine akaisukumia kwenye kona ya menyu, akaondoka bila hata kuomba maji.

Kazi ikaenda vizuri. Mteja akitaja jina, Séraphine aliandika herufi chache tu na faili likajitokeza. Sarah-Grâce akawa namba kati ya namba, macho yakazipita. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba siku akiiona tena ile sura, ganzi itaachia, na yeye hatakuwa na pa kushika. Basi akajilinda na ile sura kwa jinsi watu wengine wanavyojilinda na mvua.

Ndipo akaja Musafiri kutoka Kabambare, kwa pikipiki, amejaa tope hadi magotini.

“Mama, niko natafuta photo ya mama yangu. Alikufa. Tunaondoa matanga juma hii, na kiti chake kiko pale bila photo. Zenye nilikuwa nazo zilizama na simu, kwenye mtumbwi, pale mto Luama. Lakini najua alipigwa hapa. Alikuwa anatusumbua na habari ya hii shuka yenu.”

“Aliandikisha jina gani, baba?”

“Mama Musafiri. Musafiri ni mimi.”

Alilisema kwa fahari kidogo. Séraphine akaandika. Akina Mama Musafiri wakatokea, wakafunguliwa mmoja mmoja, wote wanawake vijana. Wakajaribu Feza, jina la mama huyo kwenye karte ya kupigia kura. Kina Feza hawana idadi, na wake hakuwamo. Mwanamke wa huku ana majina mengi kuliko vitenge, na mtoto wa kiume hajawahi kukaa chini akamuuliza mamake analitumia lipi akiwa safarini.

“Hakuna namna ingine?” Musafiri aliuliza.

Séraphine alifikiri kumwambia kwamba picha haipo. Neno lenyewe lilikuwa fupi na lilikwisha kufika mdomoni. Lakini mtu yule alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, anabandua tope kwenye suruali kwa ukucha ili asichafue sakafu ya watu. Séraphine akaenda kwenye kona ya menyu, akafungua programu ya sura.

Vichwa vikajaa. Séraphine akaanza kuvipandisha polepole, Musafiri ameinama nyuma ya bega lake. Alitafuta mabibi na vilemba, akawaacha wanaume, akawaacha vijana.

“Simama kwanza,” Musafiri alisema. “Rudisha nyuma.”

Akarudisha.

“Huyu mutoto. Nimemuona mara mingi, kila pahali anatoa ulimi. Ni wa nani?”

Séraphine aliangalia. Alikuwa amempita tangu walipoanza, safu baada ya safu, bila moyo kustuka hata kidogo. Akamtazama sasa kwa makusudi, ule ulimi, lile pengo la jino, akingoja. Hakukuja kitu. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu siku zote hizo. Kwa hili hakujiandaa, na lilimtisha kuliko maumivu yenyewe.

Akaendelea kupandisha.

“Ndiye,” Musafiri akasema kwa sauti ya chini.

Bibi mwenye kilemba cha bluu, jicho moja amelibana kama anayemdai mpiga picha. Chini yake pameandikwa Mama Safi. Musafiri alilisoma, akalisoma tena.

“Safi ni nani?” Séraphine aliuliza.

“Ni mukubwa wangu, mutoto wa kwanza wa mama. Alikufa mbele ya mimi kuzaliwa. Kwetu hakuna mutu alikuwa anamutaja, tulikuwa tunaogopa kumuumiza mama.” Alijifuta uso kwa kiganja chenye tope. “Kumbe akifika kwa watu wengine, ndiyo jina alikuwa anatoa.”

Séraphine akaitoa picha kwa ukubwa ambao karatasi iliruhusu. Musafiri akaiviringisha ndani ya plastiki na kuifunga chini ya shati, kifuani, kisha akatoka. Alipokwisha kuwasha pikipiki, aligeuka.

“Kule Kabambare wataniuliza nimeitoa wapi. Niseme kwa nani?”

Programu ilikuwa bado wazi, na sura zote zinamwangalia. Séraphine alifungua mdomo aseme Secrétariat Public.

“Kwa Mama Sarah-Grâce,” alisema.

Lilitoka kwa sauti iliyokauka, maana tangu mvua zile hakuwahi kulitamka jina lile hata akiwa peke yake. Musafiri alitikisa kichwa kwamba amelishika, akaondoka zake. Séraphine akatafuta mahali pa kukaa, akakuta kigoda, akakaa. Hapo ndipo ilipoanza kuuma.