Friza Isiyoshika Barafu

Friza ile niliitaka kwa sababu moja tu: nikitoka kazini, nikae. Nilikuwa nafungasha biskuti kiwandani, nasimama kutwa, kisha natembea hadi Shauri Moyo miguu ikiwaka moto. Nikifika tu, nawasha jiko la makaa kuchemsha maharagwe. Maharagwe hayana huruma. Watoto walilala kwenye kochi wakiyangoja, nami nikisinzia mwiko mkononi.

Basi wifi yangu aliponiambia kwamba Wazungu aliokuwa akiwafanyia kazi wanarudi kwao na wanauza friza, nilimsumbua mume wangu mpaka akakubali. Jumapili ningechemsha sufuria kubwa, nigawe kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, nigandishe. Siku za kazi ingekuwa kukaanga kitunguu na nyanya tu, halafu kukaa.

Jirani yetu, mama mtu mzima kutoka Pwani, alikuja kuitazama. Alifungua mlango, akapapasa kuta za ndani.

"Mwanangu, mbona kavu hivi? Hata barafu ya kukwangua haina! Mmeuziwa kabati."

Niliingiwa na wasiwasi. Friji zote nilizowahi kuona zilikuwa na barafu nene ukutani. Mume wangu akatoa karatasi ya maelezo, akatusomea kwa sauti ya mwalimu mkuu, yeye ameketi, sisi tumesimama. Friza hii hujiyeyushia barafu yenyewe, maji yakashukia kwenye trei ya chini na kukauka. Isigusane na ukuta. Isifunikwe. Tundu la hewa la ndani lisizibwe.

Isifunikwe! Na mimi nilikuwa nimeshaivisha vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vya rangi ya machungwa, kimoja juu na kingine kirefu kikining'inia hadi nyuma, maana nyumbani kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Kumbe ndiyo sababu ubavu wake ulikuwa wa moto. Niliivua, roho ikiniuma. Tundu nalo nilikuwa nimelikaba kwa mikebe niliyoijaza Jumapili ya kwanza, na mmoja ulikuwa umeanza kuchacha. Nikapunguza, ikabaki ya kututosha siku za kazi, jioni moja mkebe mmoja.

Ikafanya kazi. Jumatatu iliyofuata nilivua viatu, nikakaa kwenye kochi, nikatazama ukuta. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kuliko ukuta ule.

Taabu ni kwamba mume wangu naye alifurahi. Akaanza kuja na wenzake wa karakana.

"Shemeji, tumesikia kwako chakula hakiishi!"

Mikebe miwili, mitatu, ikawa inatoka jioni moja. Kabla wiki haijafika mbali friza iko tupu, nami niko tena mbele ya jiko, sasa nikipikia watu wengi kuliko zamani. Nilipolalamika, mume wangu alishangaa kwa dhati.

"Kwani kazi iko wapi, mama watoto? Si mashine ndiyo inafanya?"

Nikaenda kuchochea makaa. Siku hizo hata hasira yangu ilikuwa imechoka.

Alhamisi moja nilifika nikawakuta wageni wawili wameshanawa mikono. Nilienda nyuma ya pazia linalotenga jiko na sebule, nikafungua friza. Tupu, safi, feni yake inavuma. Nilitazama makaa, nikatazama kochi. Nikafunga mlango, nikaenda kuketi katikati ya wale wageni, ovaroli ya kazini ingali mwilini.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "wageni hawa."

"Nawaona. Karibuni. Mimi nimechoka."

Mmoja wa wageni alianza kukagua kucha zake. Mwishowe mume wangu akainuka, akaingia nyuma ya pazia. Nilimsikia akifungua friza, akiifunga, kisha akiifungua tena.

"Mama watoto," akaita kutoka huko, "haya maharagwe huchukua muda gani kuiva?"

"Washa jiko," nikamwambia, "utajua." Nikanyoosha miguu.