Kaka Akifurahi, Mimi Ndipo Ninapoogopa

Naomba mnifiche jina, maana Muhokya ni padogo na watu wananijua. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma. Kuongea mbele ya watu siwezi, hata nyumbani sauti yangu ni ndogo, ndiyo maana naandika.

Kaka yangu anaendesha lori la Hajji mmoja. Siku za soko hubeba akina mama wa hapa kwenda Mpondwe, mpakani na Kongo, wamekaa juu ya magunia yao ya mahindi. Ni mtu mwema sana, lakini ana vipindi. Kuna wiki analala ameugeukia ukuta, haogi, chai unayompelekea inapoa hapo hapo. Halafu kuna wiki halali kabisa, anaongea bila kupumua, anagawa hata nguo zake. Mwaka jana akiwa hivyo alivuka mpaka na lori tupu, akapatikana huko Kongo anahubiria watu barabarani, hana viatu. Hospitali wakampa vidonge vya asubuhi na jioni. Hajji aliambiwa ni malaria. Mama alinionya, "Asijue. Akijua, lori inaenda kwa mutu mwingine."

Ramadhani ilipofika kaka alifunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini angekula mchana watu wangeuliza anaumwa nini. Akaacha kidonge cha asubuhi, kisha na cha jioni. Idd ikapita, hakurudia. Nilipomwambia mama, alinikatiza: "Mutu anacheka, anaimba, utamupa dawa ya nini? Mutoto yangu amepona. Wacha nishukuru Mungu."

Shida ni hiyo, wote wanampenda akiwa hivi. Akilala wanamwita mvivu. Siku ya soko iliyopita nilipanda nao. Kwenye mteremko alianza kuyapita malori mengine, mkono mmoja nje akipungia watu. Juu ya magunia ni vicheko tu: "Dereva yetu leo iko na mabawa!" "Ongeza, bwana harusi!" Lori la mafuta likatokea mbele. Tulipishana karibu mno hadi kioo chetu cha pembeni kikavunjika. Kisha mama mmoja akacheka, na wote wakacheka. Kaka alisimama, akashuka, akaokota vipande huku akitabasamu, akaniambia, "Umeona? Hakuna kitu kinaweza kuniua."

Tangu hapo hajalala. Leo asubuhi nimemkuta anaosha lori aliloliosha jana. Nikajikaza, nikasema, "Kaka, rudia dawa." Tabasamu likazimika. Akanishika mkono, akaubana. "Na wewe umeanza? Wewe ndiye nilikuamini." Halafu akacheka ghafla, akaniachia. "Kesho unakaa mbele na mimi. Utaona vile nitafanya."

Kesho ni soko. Mama ameshashona magunia yake. Nikimwambia Hajji, kaka anapoteza kazi, na sijui kama atanitazama tena usoni. Mama atasema nimevunja nyumba. Lakini nikinyamaza, wale akina mama watapanda, na mama yangu akiwa katikati yao.

Ninyi wenye ndugu kama huyu, mlianza kumwambia nani, na mlisema vipi? Nijibuni leo leo, tafadhali. Hapo nje anapiga honi, na watoto wa jirani wanamshangilia.