Udongo wa Ukutani

Modesta wa Mkuyuni alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na ukoo mzima wa mama yake ulikuwa ukimsubiri awaletee mtoto. Kama wajawazito wenzake, alitamani udongo. Kila asubuhi alibandua kipande cha ukuta wa chumbani, akakitafuna taratibu kama anakula muhogo wa kuchoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na watu wa dawa ya mbu walikuwa wakipita kila mwaka kupuliza kuta mpaka zinakuwa nyeupe. Modesta aliona ladha imebadilika, akadhani ni chumvi. Hata akaisifu.

Kisha paka wao, aliyezoea kujisugua kwenye ukuta huo na kujilamba, akaanza kutetemeka. Jioni akafa.

Modesta alimtazama paka, akautazama ukuta na shimo lake la ukubwa wa sufuria.

“Kasiani,” alimwita mumewe, “ukuta huu siuli tena.”

“Afadhali, mama. Nilishaanza kuwaona majirani kupitia shimo hilo.”

Kasiani alicheka peke yake. Kesho yake, bila kutumwa, alipanda mlimani kwa mama yake, ambako wapulizaji hawakufika, akarudi na kikapu cha udongo wa kichuguu.

“Mama anasema nyumba yake usiile,” alimwambia mkewe.

Mtoto wa kike alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga, mzima, mwenye kelele. Hakuna aliyemwambia Modesta kama zile mimba mbili zilikwenda kwa sababu ya dawa. Yeye kitanda alikivuta tu katikati ya chumba, mbali na kuta zote.