Dole Gumba la Shangazi

Shangazi, tuliyemzika Ijumaa, aliuza mayai, lakini soko zima lilimwita Benki. Wanawake wa meza za jirani walimwekea akiba zao kwa sababu hakuwahi kula cha mtu. Mwizi alipobeba kopo lenye noti zao, shangazi aliuza kitanda chake akawalipa.

Kwa hiyo Benki Kuu ilipoleta pesa ya kidijitali, alimshukuru Mungu. Hakuna makato, hakuna kopo, na pochi ya simuni hufunguliwa kwa dole gumba lake tu.

"Sasa mwizi aje anikate kidole!" alicheka. Wenzake wakamtumia akiba zao humo.

Siku moja pochi ikafungwa. Nilimsindikiza ofisini. Karani alisoma kwenye kompyuta yake.

"Mama, pesa za watu wengi zinaingia kwako na kuwarudia. Mfumo unaona unaendesha benki bila kibali."

"Benki gani, baba? Mimi nauza mayai."

"Mimi nakuelewa, mama. Mfumo ndio hauelewi. Subiri uchunguzi."

"Zile noti za kopo zilikuwa na mwizi mmoja tu," shangazi alisema, akaondoka.

Wenzake walipokuja na shida, aliwagawia noti chache alizopata mezani. Baadaye niligundua kwamba ameacha kununua vidonge vya presha. Nilimkemea.

"Nikifa na amana za watu, nitamwambia nini Mungu?" alinijibu.

Jumatano akaanguka juu ya trei zake. Hakuamka tena.

Asubuhi ya mazishi tulikuwa tunamwosha, simu yake ikalia: uchunguzi umekwisha, pochi imefunguliwa. Muuza nyanya, shoga yake, aliitazama simu, kisha mkono wa marehemu.

"Mwanangu, Mungu anisamehe. Binti yangu amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada."

"Hata shangazi angetaka, mama."

Nililikausha dole gumba la shangazi, nikaliweka kwenye simu. Ikatetemeka: jaribu tena. Nikalipasha moto viganjani mwangu, kama alivyokuwa akipasha vidole vyangu utotoni. Jaribu tena. Nikalipulizia pumzi. Safari hii simu ikajifunga kabisa.

Muuza nyanya aliichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaiweka dirishani.

"Basi, mwanangu. Mwache apumzike," alisema, akachota maji akaendelea kumwosha.

Ee Mungu, wewe unajua hakuondoka na cha mtu.